Uwanja wa nyasi bandia nyumbani kwa mtoto mwenye kiti mwendo: pesa iende chini kwanza

Swali: Nyuma ya nyumba yetu Goba, Dar es Salaam, kuna eneo la mita 10 kwa 17. Udongo ni mwekundu, na upande mrefu unateremka kidogo kuelekea ukuta wa jirani. Binti yetu ana miaka 11, anatumia kiti mwendo na anajisukuma mwenyewe. Mdogo wake wa miaka 8 hataki kusikia kitu kingine ila mpira. Fundi ametushauri tutandike nyasi bandia za milimita 40 juu ya kifusi na mchanga, anasema siku nne kazi imekwisha. Tunataka wacheze wote wawili. Je, zitafaa? Chini tuweke nini, na vipimo viweje?

Jibu: Kwa huyo mdogo zingefaa. Kwa binti yako hazifai, na zikishatandikwa hakuna namna ya kuzirekebisha, ni kuzing'oa tu.

Nyasi za milimita 40 zimetengenezwa kwa ajili ya bustani, zipendeze macho na ziwe laini kwa miguu. Gurudumu likipita juu yake hulala, husukumana mbele ya tairi na kuwa kama kilima kidogo kisichoisha. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayoteseka zaidi, maana ni membamba na yamebeba sehemu ya uzito wote. Mtu anayetembea hahisi chochote. Anayejisukuma kwa mikono anahisi kila mzunguko mabegani, na mtoto akichoka baada ya dakika kumi atasema mchezo haumpendezi, kumbe ni sakafu inayomvuta nyuma. Mchanga uliolegea chini yake huongeza tatizo la pili. Baada ya wiki chache panatokea mifereji ya magurudumu, na mvua ikinyesha mifereji hiyo inageuka madimbwi.

Unachohitaji ni nyasi fupi na nzito zilizoshonwa kwa kubanana, za milimita 12 hadi 15, zinazojazwa mchanga mpaka karibu na ncha. Ni za jamaa ya zile zinazotumika kwenye viwanja vya tenisi na padel, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi. Kigezo cha Marekani cha majengo yanayofikika kinaweka ukomo wa milimita 13 kwa urefu wa manyoya ya zulia, na ingawa kiliandikwa kwa mazulia ya ndani ni kipimo kizuri cha kushika kichwani. Kama wauzaji wawili wanakupa ya 12 na ya 15 kwa ubora uleule, chukua ya 12. Uliza pia idadi ya mishono kwa mita ya mraba. Nyasi fupi za michezo huwa na mishono 40,000 na zaidi, na muuzaji asiyeijua idadi hiyo huenda anauza za mapambo. Geuza kipande, shika kishungi kimoja kwa koleo na uvute. Kikichomoka kirahisi, gundi ya mgongoni ni dhaifu.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha mita 1 kwa 4, hata kama utakinunua. Kitandaze juu ya sakafu ya saruji, mwagia mchanga, sugua kwa ufagio mgumu, kisha mwache binti yako apite juu yake mara kumi na kugeuka mara kadhaa. Majibu yake yana uzito kuliko katalogi yoyote. Jaza upepo kwenye matairi kwanza, kwani tairi lililolegea litakufanya uzikatae nyasi nzuri.

Sasa chini. Hapa ndipo sehemu kubwa ya bajeti inapaswa kwenda, na hapa ndipo mafundi wengi wanapobana ili bei ya jumla ionekane nzuri. Kwa kiti mwendo ninachagua jamvi la zege. Kokoto zilizoshindiliwa vizuri zinaweza kufanya kazi, na zinapitisha maji, lakini zinadai rola ya kweli na fundi mvumilivu, na sehemu moja ikilegea utaijua kwa gurudumu kuzama. Zege likimwagwa sawa, halibadiliki.

Uwanja uwe mita 8 kwa 14. Nimechagua kipimo hicho kwa makusudi. Roli za nyasi bandia nyingi zina upana wa mita 4, kwa hiyo roli mbili zinakaa pembeni kwa pembeni na unabaki na mshono mmoja tu katikati. Kiwanja cha boccia, mchezo wa kurusha mipira uliopo kwenye Paralimpiki tangu 1984 na ambao mtu huucheza akiwa ameketi, ni mita 6 kwa 12.5, kwa hiyo kinaingia ndani yake na kubakiza mita moja kila ubavu na sentimita 75 kila mwisho. Na katika eneo lako zinabaki mita 3 za urefu kwa ajili ya njia, kivuli na sehemu ya kupumzikia.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chimba mpaka ufike udongo mgumu, kama sentimita 20. Ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, usijenge juu yake. Uchimbe wote kwa sentimita 30 nyingine na ujaze kifusi, la sivyo utavimba masika na kulivunja jamvi. Weka kifusi au moramu safi unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ukizidisha sentimita 30 nje ya kingo za uwanja kila upande. Hiyo ni takriban mita za ujazo 19 zilizoshindiliwa, kwa hiyo agiza kama 24 za kumwaga. Shindilia kwa matabaka mawili, kikiwa na unyevu wa kushikamana mkononi bila kutoa maji. Kipimo rahisi ni kusukuma toroli lililojaa mchanga juu yake. Likiacha mfereji, bado.

Juu ya kifusi tandika nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ungio lipandane sentimita 30. Wengi huiruka kwa sababu uwanja hauna paa, "maji si yataingia tu?" Ya juu yataondoka kwa mteremko. Ya chini yakipanda kupitia zege hukutana na gundi na kuibandua.

Zege ni sentimita 10, kwa uwiano wa 1:2:4. Kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 weka ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto, na maji lita 25 hadi 28, upunguze kama mchanga umelowa. Fundi akitaka maji zaidi ili zege litembee lenyewe, mkatalie. Zege la majimaji hutoa unga juu, na gundi haishiki kwenye unga. Kwa mita za mraba 112 utahitaji zege kama mita za ujazo 11.8 pamoja na la kumwagika, yaani mifuko 76 ya saruji, mchanga mita za ujazo 5.3 na kokoto 10.6. Weka wavu wa chuma wa BRC A142, shiti 12 au 13 za mita 2.4 kwa 4.8, ukiuinua juu ya vigae vya zege ili ukae ndani ya jamvi na si chini yake. Wavu uliolala kwenye nailoni haufanyi kazi yoyote. Kata viungo vya kupunguza nyufa kila mita 3 hadi 3.5, kina cha sentimita 2.5, siku ileile au asubuhi inayofuata, maana kwa joto la Dar zege halisubiri. Nyufa zitakuja tu, na kazi ya viungo ni kuzielekeza zije pale ulipotaka.

Umaliziaji uwe wa ufagio mwepesi. Usiweke niru, yaani saruji laini ya kung'arisha juu, kwa sababu gundi inateleza juu yake. Lilowanishe siku 7, kisha lisubiri hadi siku 28 kabla ya gundi. Siku nne za fundi wako zimeishia hapa.

Mteremko uwe asilimia 1, kwenye bapa moja, kutoka upande wa nyumba kuelekea ukuta. Kwa upana wa mita 8 ni sentimita 8. Usikubali mgongo katikati wala mteremko wa kuelekea katikati. Na usizidi asilimia 2, kwa sababu kiti mwendo kinachopita kwenye mteremko wa ubavuni huvutwa kuelekea chini, na mtoto analazimika kusukuma mkono mmoja zaidi ya mwingine ili aende moja kwa moja. Pima kwa mpira wa maji, ule mrija mwembamba unaoonyesha usawa, wakati wa kuweka reli za kumwagia, usipime kwa jicho. Zege likikauka, limwagie maji lote saa za jua na urudi baada ya saa moja. Dimbwi lolote linalofunika sarafu iliyolazwa lizibwe kwa mchanganyiko wa kurekebishia sakafu. Kisha vuta ubao ulionyooka wa mita 3 juu ya jamvi; pengo chini yake lisizidi milimita 6.

Maji yatakwenda wapi? Mvua ya milimita 50 inashusha lita 5,600 kwenye jamvi hilo, na zote zitafika kwenye ukuta wa jirani kama hukuzitengea njia. Jenga mfereji urefu wote wa upande wa chini, uelekee kwenye shimo la kunyonya au tangi la kumwagilia bustani. Ufunike kwa wavu wa chuma ambao matundu yake hayazidi milimita 13, na mianya ikate njia ya magurudumu, isiende sambamba nayo. Gurudumu la mbele likiingia kwenye mwanya ulio sambamba, kiti kinasimama ghafla na aliyeketi anaendelea na safari.

Hilo linanileta kwenye kosa ninalolikuta zaidi kuliko yote, nalo ni la milimita 15 tu. Fundi anamwaga njia na jamvi kwa usawa mmoja. Vizuri, vinapendeza. Kisha nyasi zinakuja juu ya jamvi, na mlangoni panabaki ngazi ya milimita 15 au zaidi yenye ncha laini. Mtu mzima anaivuka bila kujua ipo. Magurudumu ya mbele yanaigonga, na kiti kinapinduka kuelekea mbele. Zaidi ya milimita 6 bila kuchongwa ni kikwazo. Kwa hiyo nunua nyasi kwanza, au angalau pata kipande, pima unene wake pamoja na mgongo, na umwage jamvi likiwa chini ya njia kwa kiasi ambacho uso wa mchanga ndani ya nyasi utalingana na njia. Kwa nyasi za milimita 12 ni kama milimita 12, kwa za 15 ni kama 14.

Njia kutoka mlango wa nyumba iwe zege, upana mita 1.2, na mwinuko usiozidi sentimita 1 kwa kila 20. Kama kizingiti cha nyumba kiko juu kwa sentimita 15, njia mteremko ya uwiano wa 1 kwa 12 itakuwa mita 1.8. Huo ni ukomo, si lengo. Kwa mtoto anayejisukuma mwenyewe fanya 1 kwa 16, yaani mita 2.4, na juu na chini uache bapa la mita 1.5 kwa 1.5 la kugeukia. Lango la uwanja liwe mita 1.2 wazi, kwa sababu viti vya michezo vina magurudumu yaliyoegemea nje na ni vipana kuliko cha kila siku. Kitasa kikae kati ya sentimita 90 na 100 kutoka chini, cha kusukuma chini na si cha kuzungusha.

Nyasi zenyewe ni kazi ya siku mbili. Agiza roli mbili za mita 14.3, kutoka toleo moja la kiwandani, kwani matoleo mawili hutofautiana rangi hata kama lebo ni moja. Zifungue juani saa kadhaa zilegee, manyoya yote yakilala upande mmoja. Kata ukingo wa kiwandani wa kila roli, mistari miwili au mitatu ya mishono, kwa kisu kikali kutoka mgongoni. Zikutanishe zikiachana milimita 1 au 2 tu. Zikigusana sana panatokea tuta, na zikiachana sana gurudumu litapakuta. Kunja kingo zote mbili, laza mkanda wa kuungia wa sentimita 30 chini, paka gundi ya poliurethani ya kuchanganya makopo mawili kwa mwiko wa meno, kisha rudisha kingo na ubane kwa mifuko ya mchanga usiku mzima. Mshono wa mita 14 unakula kama kilo 7 za gundi. Changanya kidogokidogo, maana kwenye joto inaanza kuganda kabla hujafika nusu, na anza asubuhi mara umande ukishakauka. Jamvi lenye vumbi au unyevu ndiyo sababu ya mishono mingi kufumuka.

Mkanda wa mshono usibandikwe kwenye zege; uache uelee, maji yapite chini yake. Kwenye kingo za uwanja paka gundi ukanda wa sentimita 10 hadi 15, kilo 10 na ushei zitatosha, ila upande wa chini uruke sentimita 10 kila baada ya sentimita 50. Ukiuziba wote umejenga bwawa.

Mchanga uwe wa silika, uliooshwa na kukaushwa, punje za mviringo za milimita 0.3 hadi 0.8. Mchanga wa pwani una chumvi na vipande vya kombe. Wa kujengea una udongo unaoziba matundu na kugeuka tope gumu. Nyasi za milimita 12 zinataka kama kilo 12 kwa mita ya mraba, za 15 kama kilo 16. Kwa uwanja wako ni tani 1.3 au 1.8. Mwaga kwa awamu tatu, kila awamu usugue kwa brashi ngumu ya nailoni mpaka manyoya yasimame. Acha ncha za milimita 2 au 3 juu ya mchanga. Ukiweka pungufu, nyasi zinalala na joto linazikunja mawimbi. Ukizidisha, magurudumu ya nyuma yanateleza mtoto anapofunga breki.

Usikubali chembe za mpira mweusi. Zinanaswa na tairi, kutoka kwenye tairi zinahamia viganjani, kisha sebuleni. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha kanuni ya kuondoa sokoni chembe za plastiki na mpira za kujazia viwanja, na marufuku inaanza 2031. Tena mweusi hunywa joto.

Na joto si jambo dogo. Nyasi bandia juani mchana zinaweza kupita nyuzi 60. Kama binti yako hana hisia miguuni, ataungua bila kujua akianguka au akiteremka kukaa chini, na baadhi ya watu wenye majeraha ya uti wa mgongo hawatoi jasho la kutosha kupoza mwili. Wacheze kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Kumwagia maji kunapoza kwa muda mfupi tu. Weka turubai la kivuli kwenye zile mita 3 zilizobaki, pamoja na benchi lenye nafasi ya sentimita 90 kwa 120 pembeni yake, ili akae na wenzake na si nyuma yao.

Kuzunguka uwanja weka ubao wa urefu wa sentimita 20 hadi 30, ulioinuliwa sentimita 2 kutoka chini ili maji yapite. Unarudisha mpira ndani, hivyo hakuna anayelazimika kuufuata kwenye maua, na unazuia gurudumu lisitoke ukingoni. Juu yake wavu wa mita 3 upande wa jirani. Nguzo zote zisimame nje ya nyasi.

Kuhusu godoro la mpira chini ya nyasi kwa ajili ya yule mdogo anayeanguka: la laini litarudisha ule uzito wa kusukuma tuliouondoa. Mimi ningeliacha, ningemvisha mdogo pedi za magoti na ningefunga vigurudumu vya kuzuia kupinduka kwenye kiti cha dada yake. Na kama kikapu ndiyo mchezo mkuu nyumbani kwenu, basi usinunue nyasi kabisa, kwani mpira wa kikapu haudundi vizuri juu ya mchanga. Lipake jamvi rangi ya akriliki ya viwanja na uishie hapo. Badminton nayo inataka mita 13.4 kwa 6.1 bila kuhesabu nafasi ya kukimbilia nje ya mistari, kwa hiyo kwenu itakuwa ya uwanja uliopunguzwa. Mpira wake wa manyoya haudundi, nyasi haziusumbui.

Mistari nunua iliyoshonwa kiwandani, au paka rangi ya nyasi bandia, upana sentimita 5. Kukata nyasi ili kupachika mistari ni kuongeza mishono ambayo hukuihitaji.

Baadaye, piga brashi kila wiki kinyume cha ulalo wa manyoya, hasa anapogeukia na kwenye mdomo wa goli, maana huko mchanga hukimbia kwanza. Ongeza kilo 1 au 2 kwa mita ya mraba pale ulipopungua, mara moja kwa mwaka. Jiko la mkaa likae mbali. Na kazi ya zege ipange Juni hadi Septemba, kati ya masika na vuli, ili gundi ikutane na jamvi kavu.